Jumamosi Tatu Chini ya Jeep

Mimi ni fundi wa breki. Si fundi wa magari kwa jumla, wale wanaogusa kila kitu na hawamalizi chochote. Mimi ni wa breki, na huku kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, mtu akisema "peleka kwa Stanislas" hana haja ya kuongeza neno. Miaka thelathini na moja nimelala chali chini ya magari ya watu, na hakuna gari lililowahi kunificha mahali mafuta yake yanapotokea. Kwa hiyo mtaelewa hasira yangu mwezi ule wa Septemba, jeep yangu mwenyewe iliponifanya mjinga mbele ya mtaa mzima.

Jeep hiyo niliinunua ikiwa mifupa mitupu kwenye ua wa ofisi moja ya migodi. Haikuwa na viti wala vioo, na kuku walikuwa wametaga mahali pa injini. Nikaijenga kwa miaka sita. Sasa inatembea, inapanda milima, na breki zake nilizifunga kwa mikono yangu, bomba kwa bomba.

Breki za gari la namna hii zinafanya kazi kwa mafuta. Unakanyaga pedali, pampu inasukuma mafuta kwenye mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na gari linasimama. Mafuta yenyewe yanakaa kwenye bocal, kikopo cha plastiki juu ya pampu, chini ya kapo, kile kifuniko cha injini. Bocal ikikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na pedali inashuka mpaka chini bila kukamata kitu. Ukipatwa na hilo mjini utagonga ukuta wa mtu. Ukipatwa nalo kwenye miteremko ya barabara ya Pweto, watakuokota vipande.

Na ilikuwa lazima niende Pweto. Alhamisi moja mdogo wangu Régine, anayekaa kule na mama yetu, alinipigia simu. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na tangu Agosti alikuwa haamki vizuri.

"Yaya, Mama anasema ukuje umukamate," Régine aliniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Anasema hapana camion. Anataka jeep yako."

Camion zinazotoka Pweto zinabeba magunia ya samaki wakavu, na watu wanakaa juu ya magunia. Mzee hawezi kupanda huko. Nikamwambia Régine kwamba Jumamosi alfajiri natoka, nitalala njiani, na Jumapili saa sita mchana nitakuwa mlangoni kwake. Mama atakuja kutibiwa Lubumbashi na atakaa kwetu, katika chumba ambacho binti yetu Syntiche alikiacha alipoolewa. Siku hiyohiyo nikatandika godoro nyuma ya jeep na kulifunga kwa kamba ili lisiteleze.

Hapa niseme kidogo habari za mke wangu Lydie, kwa sababu bila yeye nusu ya breki za Katuba zisingekamata. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, mguu juu ya pedali. Mwingine yuko chini na ufunguo. Wa chini anapiga kelele, "Pompa!" Wa juu anapampu. "Shika!" Wa juu anakanyaga na kushikilia, anajibu, "Nimeshika!" Ndipo wa chini anafungua skrubu ndogo ya gurudumu, hewa inatema mapovu, anafunga. "Achilia!" Wa chini haoni mguu wa mwenzake, anaamini sauti tu. Wa juu akisema ameshika na hajashika, hewa inarudi ndani na kazi yote imeharibika. Mafundi wengine wanabadilisha wasaidizi kila mwaka. Mimi nilioa mwanamke ambaye, akisema "nimeshika", ameshika, na tulifanya hivyo miaka ishirini na saba.

Lydie alinifahamu vizuri, na utani wake ulikuwa mmoja. Mimi siwezi kuondoa gari bila kufungua kapo na kuangalia bocal, hata kama ni kwenda misa tu. Basi yeye aliwaambia wageni, "Papa Syntiche anaamkiaka bocal mbele ya kuamkia bibi yake." Watu wanacheka, na mimi nacheka, maana ni kweli.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mwezi wa Agosti nilianguka. Nilikuwa nimesimama kwenye lupango letu, uani, nikigombana na mteja, nikajikuta niko chini, natazama mawingu. Wakamwita Gauthier, muuguzi wa mtaa, akaja na mashine yake ya kupima tension, shinikizo la damu. Ilikuwa ishirini na moja, juu mno. Akaniambia nisile chumvi na nisikasirike. Kuhusu chumvi, Lydie aliificha. Kuhusu hasira nilimjibu Gauthier kwamba angeniomba nisipumue ingekuwa rahisi zaidi. Akamvuta Lydie pembeni, akaongea naye muda mrefu kuliko alioongea na mimi.

Basi Jumamosi ya kwanza ikafika. Ijumaa jioni nilikuwa nimejaza bocal na kukaza kifuniko. Jumamosi alfajiri nikaoga, nikavaa, nikafungua kapo. Bocal ilikuwa tupu. Si kwamba ilikuwa imepungua. Tupu, kavu, naona mpaka chini ya plastiki.

Nikainama kutazama ardhi. Hapakuwa na tone. Ardhi ya lupango langu naifagia mwenyewe, na tone la mafuta pale naliona nikiwa nimesimama barabarani. Nikavua magurudumu yote manne, nikatoa tambour, zile ngoma za breki, nikafunua vifuniko vya mpira vya vipampu vidogo vya ndani, maana huko ndiko mafuta hupenda kujificha: yanavuja ndani ya mpira na hayaangukii chini. Vikavu vyote. Nikapitisha kidole kwenye kila kiungo cha bomba, toka pampu mpaka nyuma. Kidole kilirudi na vumbi.

Lydie alisimama mlangoni na kitenge mabegani. "Iko nini?"

"Mafuta imeisha."

"Basi tengeneza bien. Usiende kumuuwa Mama mu milima."

Niliona ni maneno ya mke mwenye akili. Nikampigia Régine, nikamwambia Jumamosi ijayo. Akasema, "Bon, yaya, hapana haraka." Wiki nzima iliyofuata, kila nilipotaka kuongea na Mama, Mama alikuwa amelala, au réseau, mtandao wa simu, ilikuwa mbaya. Nilimkasirikia Régine. Nilimkasirikia pia aliyejenga minara ya simu ya Pweto.

Lakini hasira kubwa niliiweka kwenye jeep. Kuna uvujaji mmoja ambao mafundi vijana hawaujui. Mpira wa nyuma wa pampu ya breki ukichoka, mafuta hayatoki nje. Yanaingia kwenye servo, lile duara la bati linaloongeza nguvu ya mguu, na injini inayavuta huko na kuyaunguza. Bocal inakauka, ardhi inabaki kavu, na mwenye gari anaanza kumtuhumu jirani kwa bulozi, uchawi. Nikajisema: ni huyo. Nikatoa pampu, nikafunga kitambaa cheupe kwenye waya, nikakiingiza ndani ya servo, nikakizungusha mpaka chini kabisa. Kikatoka cheupe. Nilikitazama juani pande zote mbili. Hata hivyo nilibadilisha mipira yote ya pampu, kwa kuikomoa.

Ijumaa tukatoa hewa, Lydie juu, mimi chini. "Pompa! Shika!" "Nimeshika!" Gurudumu baada ya gurudumu, mpaka pedali ikawa ngumu kabisa. Nikaendesha mpaka Karavia na kurudi, nikafunga breki kwa nguvu kila mahali palipokuwa na nafasi. Nikajaza bocal, nikalala nikiwa na furaha. Jumamosi asubuhi nikatoka kuoga, nikafungua kapo, bocal ilikuwa tupu.

Sitaficha kwamba siku hiyo niliogopa. Mimi si mtu wa bulozi, nimebatizwa, na baba yangu mfanyakazi wa reli alitufundisha kwamba chuma hakirogwi. Lakini kitu kinachotoka mahali pasipo na tundu kinamsumbua fundi kuliko mtu mwingine yeyote. Katongo, jirani yangu na kiongozi wa shirika letu la parokia, alipita akanikuta nimekaa juu ya tairi, mikono mitupu.

"Ba Stani, haujapata fasi mafuta inatokea?" aliuliza.

"Nitapata."

Alinitazama, akataka kusema neno, kisha akaenda zake. Nilidhani ananihurumia kwa sababu ya jina langu la ufundi.

Wiki ya tatu nilizipima breki kipande kwa kipande. Unabana bomba moja la mpira kwa koleo, unakanyaga. Pedali ikiwa ngumu, ubaya uko kwenye gurudumu ulilolibana; ikiendelea kushuka, hauko pale. Nilibana moja moja, kisha mawilimawili. Baada ya kujaza mafuta na kutoa hewa, pedali ilikuwa ngumu ukibana, ngumu usipobana. Yaani breki zilikuwa nzima. Jeep yangu ilikuwa na breki nzuri kuliko gari lolote pale mtaani, ila ilikuwa inakauka kila Jumamosi.

Sasa ilibaki njia ya marehemu bwana wangu wa kazi, aliyenifundisha. Ijumaa jioni nikaingia jikoni.

"Lydie, nipe unga kidogo."

"Unga ya bukari? Ya kufanya nini?"

"Ya kunionyesha fasi mafuta inapita."

Alinipimia kikombe. Mkono wake ulikuwa sawa, sikuona kitu. Nikakausha pampu na mabomba yote, nikayanyunyizia unga kwa chujio la chai. Mafuta yakipita kwenye unga, hata kidogo namna gani, yanaacha mstari wa rangi ya chai, na huo mstari ndio barua yake. Nilinyunyiza kila mahali mpaka pampu ikawa nyeupe, pamoja na bocal na kifuniko chake, kwa sababu unga hauchagui.

Jumamosi alfajiri nikaoga. Nikafungua kapo. Bocal tupu. Nikawasha tochi, nikafuata bomba. Unga ulikuwa mweupe mwanzo mpaka mwisho, haujaguswa na unyevu wowote. Nikarudi juu. Kifuniko cha bocal kilikuwa kisafi. Cheusi, kinang'aa, hakina hata chembe ya unga. Pembeni yake, kwenye ukingo wa bati, unga ulikuwa umefutwa kwa kitambaa, na aliyefuta alikuwa amefuta vizuri, kwa mviringo, mtu anayejua kusafisha.

Gari linalovuja halifuti vumbi. Nilisimama pale na tochi mkononi, jua limeshatoka. Lango letu linafungwa kwa kufuli na funguo ziko shingoni mwangu. Katika lupango lile tunalala watu wawili.

Nilikataa. Nilijiambia ni upepo, nikajua ni ujinga. Nikaingia jikoni kutafuta chumvi, kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu mwenye hasira hutaka kufanya lililokatazwa. Lydie alikuwa nyuma ya nyumba, anafua. Nikasogeza makopo kwenye kabati, kabati ambalo mwezi wa Agosti nililipaka rangi ya bluu kwa ombi lake. Nyuma ya kopo la unga rangi ilikuwa imekunjamana. Mviringo mmoja mdogo, rangi imevimba na kujikunja, ukiigusa inabanduka.

Hakuna fundi wa breki asiyejua alama hiyo. Mafuta ya breki yanakula rangi. Nimeharibu rangi ya magari matano katika maisha yangu kwa tone moja kila mara. Mkono wangu ulienda wenyewe nyuma ya kopo, ukatoa chupa ya mayonezi, imefungwa kwa plastiki na kamba, imejaa mafuta ya rangi ya asali. Nilifungua, nikanusa. Sikuhitaji kunusa.

Nilielewa pia kwa nini hakuyamwaga. Angeyamwaga wapi? Ningeliona tone.

Nilitoka nyuma ya nyumba na chupa. Lydie alikuwa ameinama juu ya beseni.

"Hii ni nini?"

Aliitazama. Hakuuliza nimeipata wapi. "Ni mafuta ya breki."

"Nani aliitosha mu bocal?"

"Ni mimi njo nilitosha. Na seringue ya sindano. Mara tatu, wakati unaenda kuoga."

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza. Nilimwambia kila kitu kilichonijia mdomoni. Nilimwambia kwamba hakuwahi kumpenda mama yangu, kwamba anaona uchungu kumpa mzee chumba kisicho na mtu, kwamba miaka ishirini na saba nimelala na mwizi. "Alikuwa anasema nimeshika!" nilisema, kana kwamba kuna mtu wa tatu wa kunisikiliza. "Unakaa pa kiti yangu, unaniambia umeshika, na kesho unanitosha mafuta!"

Yeye alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Papa Syntiche, kaa."

"Sikai."

"Kaa kwanza, nakuomba. Gauthier alisema ukae."

Sijui Gauthier alikuwa ameingiaje katika maneno yale, lakini jina lake lilinishusha. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Lydie akapiga magoti mbele yangu, kitu ambacho hakufanya tangu siku ya mahari.

"Mama alisha kufwa," alisema. "Tulisha kumuzika."

Nilimwambia ni mwongo. Kisha nilikumbuka réseau mbaya ya wiki mbili nzima, Mama anayelala asubuhi na jioni. Nikaweka chupa chini.

Alisema yote pale chini, bila kuinuka. Gauthier alimwambia kwamba nikipata habari mbaya kwa ghafla nitakufa palepale, au nitakufa nikiwa kwenye usukani. Régine alisema nizuiwe, nisije Pweto. "Nani anaweza kukuzuia weye?" Lydie aliuliza. "Nilikuwa najua kintu moja tu. Hauwezi kutoka kama bocal haiko na mafuta. Nilijua utafungua kapo. Kama ungekosa kufungua, nilikuwa pa mulango, ningepiga kelele."

Ni kweli alikuwa mlangoni, Jumamosi zote tatu. Tabia yangu nzuri kuliko zote, ile aliyonitania kwayo mbele ya wageni, ndiyo aliyoitumia kunifunga. Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na tangu siku hiyo sijapata neno jingine la kuweka mahali pake.

"Na mungeniambia lini?"

"Kesho, nyuma ya misa. Gauthier angekuja na mashine yake, na Padri. Ilikuwa programme."

Programme. Walikuwa na programme yangu.

"Nani mwingine anajua?"

Hapo ndipo alipolia. "Bote. Tulifanya kilio kwa ba Katongo."

Kilio kwa Katongo nilikikumbuka. Siku ya Jumanne, wiki ile ya kwanza, nilisikia nyimbo kwake, nikamuuliza Lydie, akaniambia ni ndugu wa Katongo aliyefia mbali. Na mimi nilienda. Mimi si mtu wa kukaa nyumbani jirani anapolia. Nilimpelekea gunia la makaa la kuwasha moto wa kilio. Nilimshika Katongo mkono, nikampa pole. Kisha nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima, katikati ya watu wa shirika, nikawaeleza habari za jeep yangu isiyovuja, nikapiga hata mzaha mmoja au miwili. Watu walitazama chini. Nilidhani ni huzuni yao kwa ndugu wa Katongo. Nilikaa kwenye kilio cha mama yangu mzazi nikiongea habari za mipira ya pampu, na hakuna mtu hata mmoja kati ya wale arobaini aliyenishika bega.

Sijui nani aliwaambia kwamba nimejua. Haikupita nusu saa, lango liligongwa. Katongo aliingia na viti vya shirika, vilevile vya kwake, nyuma yake wanawake na sufuria, nyuma yao Gauthier na mashine. Kila kitu kilikuwa tayari, kwa sababu kilikuwa tayari tangu wiki mbili. Walipanga viti, wakawasha moto. Gauthier alinifunga kitambaa mkononi, akasema kumi na saba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ba Stani, tulifanya vile juu ya kukupenda," Katongo aliniambia.

Nililia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na sikuona haya. Na nilipoinua macho kuwatafuta wenzangu wa kulia, niliona nyuso kavu. Walikuwa na adabu, walikuwa na huruma, mama mmoja alinipepea kwa ukurasa wa kalenda. Lakini msiba wao ulikuwa umekwisha. Walikuwa wamekwisha kumlilia Mama na kurudi makwao kula bukari, na sasa walikuja kunisindikiza kwenye msiba ambao wao walishautoka. Mwanamke mmoja kule nyuma alikuwa anachambua mchicha.

Nikaomba simu yangu. Lydie aliniletea, akasimama karibu na kiti changu. Nikampigia Régine. Réseau ilikuwa safi kabisa.

"Niambie," nilisema. "Nimejua."

Alilia kwanza, akaniomba msamaha, nikamwacha alie mpaka achoke. Kisha nilimuuliza lile ambalo mtu huuliza.

"Mama alikufwa siku gani?"

"Mardi, yaya. Saa kumi ya jioni."

"Mardi gani?"

"Le seize."

Nilihesabu kwa vidole juu ya goti. Tarehe kumi na sita, Jumanne. Kilio kilifanyika siku ileile, usiku wake. Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na tatu. Nikahesabu tena kutoka mwisho, labda nimekosea. Tarehe kumi na tatu ndiyo niliyotaka kuondoka, godoro limeshatandikwa, nikakuta bocal tupu. Tarehe kumi na nne, Jumapili, saa sita mchana, ningekuwa mlangoni kwa Régine.

Nilimtazama Lydie. Alikuwa amenisikia nikirudia tarehe, na alikuwa anatazama mikono yake.

"Ile samedi ya kwanza," nilimuuliza, "Mama alikuwa angali muzima?"

"Ile vendredi Régine alinipigia simu, alisema hatamaliza wiki," alijibu polepole. "Alisema utafika, utamuona anakufwa mbele ya macho yako. Gauthier alisema kama ni vile, tutazika babili."

"Nilikuuliza kintu ingine."

"Alikuwa muzima," alisema.

Nikarudisha simu sikioni. "Régine. Ile dimanche, le quatorze. Mama alikuwa namna gani?"

"Dimanche?" Régine alifikiri kidogo, na sauti yake ikafunguka. Alikuwa amenidanganya wiki mbili na sasa alipewa ruhusa ya kusema kweli, nikasikia inavyompumzisha. "Dimanche alikuwa bien, yaya. Dimanche aliamka. Alikula samaki kidogo, akaomba tumutoshe inje. Tulimukalisha pa kiti. Alikuwa anaongea vizuri kabisa, hata kesho yake, lundi, alikuwa anaongea."

"Alikuwa anasema nini?"

"Ah, yaya. Alisema mambo mingi. Kwanza alianza kuuliza…"

Niliondoa simu sikioni. Nikamshika Lydie mkono aliokuwa ameukunja ngumi, nikaufungua, nikaweka simu ndani yake. Régine hakujua, aliendelea kuongea na mimi. Lydie aliiinua polepole mpaka sikioni. Alisikiliza kidogo, akafunga macho, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

Mikono yangu niliiweka nyuma ya mgongo.

"Hapana," nilimwambia. "Sikiliza mupaka mwisho."